Onja Kwanza, Bei Uulize Baadaye

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Kilindini, upande wa magharibi, ndiko magunia ya kahawa ya Nyeri, Kirinyaga, Kiambu na Kisii hupakiwa melini kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Upande wa mashariki kuna Bandari ya Kale, iliyopokea majahazi ya Yemen na Ghuba kwa karne nyingi, na nyuma yake mitaa ya Mji wa Kale ambako kahawa bado hunywewa kwa desturi ya pwani: nyeusi, chungu, bila sukari, katika vikombe vidogo, ikimiminwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huondoka nchini kabla Mkenya hajaionja. Kwa sababu hiyo imejengeka imani kwamba kahawa nzuri ni ile inayopita kwenda zake, na tunayobaki nayo ni makombo. Makala haya yanapinga imani hiyo. Nasema kwamba kahawa nafuu haihukumiwi kwa bei yake, wala kwa daraja iliyoandikwa kwenye mfuko, wala kwa sifa za muuzaji. Huhukumiwa kwa kuonjwa sambamba na nyingine, majina yakiwa yamefichwa, na watu kadhaa walioandika rai zao kabla ya kuzungumza. Marafiki wanne au watano wanaweza kuifanya kazi hiyo barazani kwa alasiri moja, na gharama yake haifiki ya chakula cha mchana hotelini.

Kwanza tuone kwa nini majina yafichwe. Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwenye mvinyo, kwa kuwa umechunguzwa sana, na msomaji asiyegusa mvinyo asihofu, kwani ulimi unaozungumziwa ni ule ule. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaamua kabla ya pua. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu mvinyo mmoja mara mbili, mara moja wakitajiwa bei ndogo na mara nyingine bei kubwa. Waonjaji walisema ule wa bei kubwa ni mtamu zaidi, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba hawakuwa wakijifanya. Raha yenyewe iliongezeka. Mwaka huo huo ukachapishwa uchambuzi wa maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa bila bei kujulikana, na matokeo yake yalikuwa kwamba watu wa kawaida hawakuupenda mvinyo ghali kuliko wa bei nafuu; kwa wastani waliupendelea kidogo ule wa nafuu. Mtu anayeijua bei huionja bei pamoja na kinywaji, na hana namna ya kuvitenganisha kwa nguvu ya nia tu. Njia pekee ni kutoijua.

Sasa tuitazame daraja, maana ndiyo hoja ya kwanza utakayoipata dukani. Nchini Kenya buni hupangwa kwa herufi: AA, AB, PB, C, TT, T na kadhalika. Wanunuzi wengi huichukulia AA kuwa alama ya ladha, lakini kinachopimwa hasa hapo ni ukubwa na uzito wa punje baada ya kupitishwa kwenye chekeche. AA ni punje kubwa, AB ni za wastani, na PB ni zile za mviringo zilizokua moja moja ndani ya tunda badala ya kuwa mbili. Punje zenye ukubwa mmoja hukaangika kwa usawa, na hilo lina faida. Hata hivyo, punje ya wastani kutoka shamba lililotunzwa inaweza kuishinda punje kubwa ya shamba lililopuuzwa. Liko pia kundi ambalo wanunuzi wa mjini hawalisikii sana: matunda yaliyokaushwa juani na ganda lake bila kuoshwa, ambayo kwenye biashara ya kahawa ya Kenya huitwa mbuni na huuzwa kwa bei ya chini. Mbuni mbaya hunuka uvundo. Mbuni iliyokaushwa vizuri huwa na uzito na utamu wa matunda makavu, na nchini Ethiopia na Yemen kahawa zilizokaushwa namna hiyo ni za kuheshimiwa. Herufi za mfukoni basi ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kikombeni.

Hiyo nusu ya kikombeni hutegemea mambo manne, na yote mtu wa Mombasa anaweza kuyasimamia. La kwanza ni muda tangu buni ilipokaangwa. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu mara moja, na iliyosagwa huipoteza kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu kila chembe imefunguliwa kwa hewa. Unyevu wa kisiwani huzidisha hasara hiyo. Kahawa ya unga iliyokaa wazi wiki kadhaa katika hewa ya Mombasa imekwisha kabla haijafika kwenye maji, hata kama ilikuwa AA. La pili ni ukaangaji. Buni iliyokaangwa kidogo hubakiza ugwadu wa tunda. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta hupoteza ugwadu huo na kupata uchungu na harufu ya moshi. La tatu ni usagaji, kwani unga laini hutoa uchungu upesi na unga wa chengachenga hutoa polepole. La nne ni maji, ambayo kahawa nyeusi ina kwa zaidi ya asilimia 98. Visima vya kisiwani vina chumvichumvi, na maji ya mfereji yanayotoka bara, yakiwemo ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, yana tabia nyingine kabisa. Chumvi kidogo hupunguza uchungu unaosikika ulimini. Chumvi ikizidi huiua kahawa. Ukimsikia mtu akisema kahawa ya duka fulani imeharibika, muulize kwanza aliipika kwa maji gani.

Tukishayajua hayo, tuanze maandalizi. Tafuta kahawa nne, zisizidi hapo. Ulimi usiozoea huchoka upesi. Zichague ili zitofautiane kwa jambo linaloeleweka, la sivyo mtaishia kusema zote ni kahawa tu. Ya kwanza iwe ile mnayoinywa kila siku, ile ya unga inayouzwa kwa kupimwa kwenye maduka ya viungo karibu na soko la Marikiti. Ya pili iwe buni ya kuoshwa ya nyanda za juu za Kenya, AB au PB, ambayo huwa nafuu kuliko AA. Ya tatu iwe robusta ya Uganda au ya Kagera, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, uchungu mwingi na povu zito. Ya nne iwe buni ile ile ya pili, lakini iliyokaangwa kwa giza zaidi. Kama muuzaji hana, ikaange mwenyewe kwenye kikaango kikavu mpaka ikolee rangi. Kila mmoja wenu anunue moja, robo kilo au hata chini ya hapo, na bei aitie kwenye bahasha asimwambie mtu. Ikiwezekana, nunueni buni nzima na kusaga saa hiyo hiyo kwa mashine moja au kinu kimoja. Kahawa iliyosagwa wiki tatu zilizopita ikiwekwa karibu na iliyosagwa leo, mtakuwa mmepima umri badala ya ladha. Ile ya dukani ambayo haipatikani ila kwa unga, inunueni siku hiyo hiyo, na mkumbuke kasoro hiyo wakati wa kuhukumu.

Saa ya kuonja ni jambo la kupanga. Baada ya biriani au mishkaki ya pilipili ulimi haufai kwa kazi hii kwa saa nzima au zaidi. Mwezi wa Ramadhani mtu aliyefungua saumu muda mfupi uliopita husikia kila kitu kuwa kitamu. Afadhali baada ya tarawehe, au msubiri mwezi uishe. Alasiri kabla ya magharibi ndiyo bora siku za kawaida, kwa sababu kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi na asiyeizoea atakesha. Udi, ubani na marashi yasubiri wageni wengine. Pua inayonusa udi hainusi kahawa. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aonje kwa kunyunyiza ulimi na kutema, na asione haya, kwani waonjaji wa kazi wanaopima kahawa za mnada wa Nairobi hutema siku nzima. Kwa kuwa baraza za mtaani kwa desturi ni za wanaume, wanawake wataona wepesi zaidi kulifanya jambo hili sebuleni au uani, na hakuna hatua hata moja hapa inayodai baraza ya mawe.

Kwa duru ya kwanza acheni dele kando. Wekeni vikombe vinavyofanana, vya ujazo wa kiasi cha mililita 200. Kila kikombe kipate kahawa gramu 11, au vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa kwa kisu, iliyosagwa chengachenga. Chemsheni maji ya aina moja kwa wote, kisha mngoje karibu dakika moja kabla ya kumimina. Sababu ni hii: Mombasa iko usawa wa bahari na maji huchemka kwa digrii 100, ilhali Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, huchemka kwa digrii 94 au 95 hivi. Maelekezo ya huko ya kumimina maji yanayochemka, yakifuatwa hapa bila kungoja, hutoa kahawa kali kuliko iliyokusudiwa. Mkishamimina, acheni dakika 4. Unga utapanda na kufunga utando juu. Kila mtu asogeze pua karibu, auvunje utando kwa mgongo wa kijiko na anuse pale pale, maana harufu kali kuliko zote hutoka wakati huo na haitarudi. Kisha engueni povu na unga unaoelea, mngoje tena dakika 5 au 6, ndipo muonje.

Mmoja wenu, tumwite msimamizi, ndiye atakayejua kikombe gani ni kipi, na yeye hapigi kura. Asitumie herufi A, B, C wala namba 1, 2, 3, kwa sababu akili huipendelea ya kwanza bila mwenyewe kujua. Atumie namba za ovyo kama 274, 618 na 935. Tena aongeze kikombe cha tano ambacho ni pacha wa mojawapo, asimwambie mtu. Pacha huyo ndiye hakimu wa mahakimu. Robert Hodgson, mwanatakwimu wa California, alipowapa majaji wa mashindano makubwa ya mvinyo kinywaji kilichotoka kwenye chupa moja mara tatu ndani ya duru moja, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kutoa alama zilizokaribiana. Ikiwa wataalamu wanaolipwa hufanya hivyo, si aibu kwako kuwapa pacha wawili nafasi zilizo mbali. Faida yake ni kwamba utajua ukubwa wa bahati katika hukumu zako. Kama umewatenga pacha kwa nafasi 2, basi tofauti ya nafasi 2 kati ya kahawa nyingine usiifanyie ugomvi.

Kanuni ngumu kuliko zote kwa watu wa Mji wa Kale ni ya ukimya. Adabu yetu humpa mzee neno la kwanza, na mzee akishasema kahawa hii ndiyo yenyewe, kijana ataiona ndiyo yenyewe hata kama ulimi wake ulisema vingine. Kwa hiyo pasemwe mapema kwamba kila mtu ataandika kwanza, na maneno yataanza wote wakishaweka kalamu chini. Heshima ya mzee haipungui. Tena rai yake inapolingana na za wengine walioandika bila kumsikia, hapo ndipo inapokuwa na uzito wa ushahidi.

Katika kuonja, chota kijiko kimoja na uivute kahawa kwa nguvu mpaka isikike. Mezani ni utovu wa adabu, lakini hapa ni kazi: kuvuta kwa hewa huitawanya kahawa kinywani kote na kuipeleka harufu puani kwa njia ya nyuma ya koo, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kumbe ni harufu. Kisha jiulize mambo matano, ukitumia maneno uliyokua nayo. Je, ina ugwadu, na ugwadu wake ni wa ndimu, wa embe bichi au wa ukwaju? Uchungu wake unakuja na kuondoka, au unaganda? Ina ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi? Uzito wake kinywani ni wa maji au wa tui? Na baada ya kumeza, nini kinabaki, na kwa muda gani? Wataalamu wa ng'ambo husifu kahawa za Kenya za mbegu ya SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, kwa ladha ya tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo wengi wetu hatujaliona. Usilazimike kulitaja. Ukiandika zambarau mbivu, umeeleza kitu ambacho kila aliyeko barazani ataweza kukitafuta kikombeni na kukubali au kukataa. Kwa kasoro tunayo maneno makali zaidi: uvundo, ukungu, shombo, kuungua, uchapwa. Onja kila kikombe mara tatu, kikiwa moto, kikiwa vuguvugu na kikiwa kimepoa. Joto huficha kasoro, na kahawa mbovu haivumilii kupoa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito. Mtu atasema: sisi hatuinywi kahawa hivyo. Tunaichemsha kwenye dele muda mrefu, tunatia tangawizi, pengine na iliki au mdalasini, na tunaisindikiza na kashata, halua au tende. Kahawa iliyoshinda kwenye kikombe cha wataalamu inatuhusu nini? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni duru ya pili. Chukueni zile mbili zilizotia fora na ile mnayoinywa kila siku, msage laini, mpike kila moja kwenye chombo chake kwa kipimo kimoja cha maji, dakika sawa juu ya moto na tangawizi ya uzito sawa, kisha mzifiche tena kwa namba mpya. Mara nyingi mpangilio hugeuka, na sababu yake inaeleweka. Kuchemsha kwa muda mrefu hufukuza zile harufu nyepesi ambazo ndizo mnunuzi wa AA anazilipia, na hutoa uchungu na uzito ambao kahawa nafuu iliyokaangwa vizuri inao tayari. Tangawizi nayo huuzidi nguvu ugwadu wa tunda. Kutia buni ghali kwenye dele ni kulipia harufu na kuiachia moshi wa makaa. Kwa matumizi yetu, basi, kahawa nafuu yaweza kuwa ndiyo inayostahili kazi, na hilo hutalijua kwa kusoma mfuko.

Vitafunio viachwe mpaka mwisho kabisa. Kashata ya nazi kabla ya kahawa huufanya uchungu usikike maradufu. Tende baada ya kahawa huusafisha. Katika duru ya tatu, ambayo ni ya starehe tu, jaribuni kahawa ile ile kwa tende, kisha kwa halua, kisha peke yake. Hapo huenda mkaona kwamba robusta, hata kama ilishindwa vibaya katika duru ya kwanza, inasimama vizuri mbele ya halua nzito kuliko kahawa laini ya nyanda za juu, inayozama mara moja.

Sasa hesabu. Kila mtu azipange kahawa kwa nafasi, 1 kwa aliyoipenda zaidi na kuendelea, na msimamizi ajumlishe. Yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Jumla zikikaribiana sana, au pacha wakitengana mbali, kubalini kwamba hamkuziona tofauti. Kwa mwenye shaka liko jaribio la kukata mzizi wa fitina. Pangeni vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, na kila mtu amtaje mgeni. Anayebahatisha atapatia mara moja kati ya tatu. Katika watu sita, bahati tupu huwapa ushindi wawili kwa wastani. Uwezekano wa bahati tupu kuwapa ushindi watano au wote sita hauzidi 2 katika 100. Mwenzenu anayeapa kwamba anaitambua kahawa ya duka lake popote, mpeni vikombe vitatu badala ya kubishana naye.

Hapo ndipo bahasha zifunguliwe. Msitazame bei ya mfuko, tazameni bei ya kikombe. Mfuko wa gramu 250, kwa kipimo cha gramu 11, hutoa vikombe 22 hivi. Gawanyeni bei kwa 22. Kahawa inayozidi nyingine kwa shilingi mia moja mfukoni imeizidi kwa chini ya shilingi tano kikombeni. Hesabu hii hukata pande zote mbili. Kahawa ghali iliyoshinda kwa mbali inaweza kuonekana kuwa si ghali kiasi hicho, na rahisi iliyoshindwa vibaya itaonekana haina urahisi wowote, kwa sababu kinachookolewa ni sarafu chache na kinachopotea ni kikombe kizima.

Yamebaki mapingamizi mawili. La kwanza husema kwamba kila mtu na ladha yake, kwa hiyo kuonja kwa pamoja hakuthibitishi kitu. Ni kweli kwamba kupenda ni kwa mtu. Mmoja hutaka uchungu, mwingine ugwadu. Lakini uvundo, ukungu na buni iliyoungua si mapenzi ya mtu, na watu watano walioandika kila mmoja peke yake wakikutana kwenye neno moja, neno hilo limo kikombeni. Kuonja pamoja hakumlazimishi mtu apende alichopenda mwenzake. Humwonyesha kipi ni kasoro ya kahawa na kipi ni matakwa yake mwenyewe, na aliyetambua hivyo hadanganywi tena na muuzaji.

La pili husema kwamba kahawa ya baraza ni ya mazungumzo, na kuitia kwenye kalamu na karatasi ni kuiondolea utu wake. Nalielewa, lakini historia ya kahawa yenyewe inajibu. Masufi wa Yemen walioieneza katika karne ya 15 waliinywa ili wakeshe kwa ibada, yaani kwa makini. Mwaka 1511 Khair Beg, ofisa wa serikali mjini Makka, aliipiga marufuku baada ya kuwakutanisha wanazuoni na matabibu waijadili. Marufuku hayo hayakudumu, mjadala ukaendelea kwa miaka mingi. Kahawa imebishaniwa tangu ilipoanza kunywewa hadharani, na ubishi haukuivunja baraza yoyote. Kinachochosha barazani ni ubishi usio na njia ya kuumaliza, kama ule wa kahawa ya nani ni bora. Huu sasa una njia. Tena si lazima ufanywe kila jioni. Mara moja au mbili kwa mwaka, au kila muuzaji anapobadilisha buni yake, yatosha.

Hukumu yangu, kwa mwenye bajeti ndogo, ni hii. Pesa yako ya kwanza itie kwenye upya wa kahawa: nunua kidogo kidogo, buni nzima, kwa muuzaji anayekaanga mara kwa mara na asiyeona tabu kukwambia alikaanga lini. Ya pili itie kwenye chombo kinachofunga kabisa, kikae kabatini mbali na jiko na jua. Ya tatu, kama ipo, itie kwenye mashine ndogo ya kusagia. Daraja iwe ya mwisho, na kwa kahawa ya dele usiilipie kabisa mpaka wenzako wameithibitisha bila kuiona. Ijumaa alasiri watu wana nafasi: tafuta marafiki wanne, vikombe vitano na bahasha, na uanze na ile kahawa unayoinywa kila siku, maana hiyo ndiyo hujawahi kuionja.